Volti, Plagi na Msafiri: Historia ya Kukinga Vyombo vya Umeme Ugenini

Chombo cha umeme kinapovushwa mpaka hukabiliwa na hatari mbili ambazo wasafiri wengi huzichukulia kuwa ni moja. Ya kwanza ni ya kudumu: volti, yaani kipimo cha nguvu inayousukuma umeme katika waya, huweza kuwa katika nchi moja mara mbili ya ile ya nchi nyingine, kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya New York kikichomekwa ukutani mjini Mombasa huungua hata kama siku hiyo umeme wa Mombasa hauna kasoro yoyote. Ya pili ni ya ghafla: volti ya mahali hapo hapo hupanda, pengine kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, pengine kwa dakika kadhaa, kwa sababu ya radi, waya uliokatika au umeme unaorudi baada ya kuzimika, na hali hiyo ndiyo ambayo watu wa Afrika Mashariki huieleza kwa kusema kwamba umekuja umeme mkubwa. Kila hatari ina historia yake, na kinga zake zilibuniwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Kuzichanganya ndiko kunakofanya vyombo vingi viungue mikononi mwa watu walioamini kwamba wameshavikinga.

Tofauti ya volti ilizaliwa pamoja na biashara yenyewe ya umeme. Thomas Edison alipofungua kituo cha Pearl Street mjini New York tarehe 4 Septemba 1882, alisambaza umeme wa volti zipatazo 110, tena wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja bila kugeuka, na kiwango hicho kilifuata uwezo wa balbu zake za uzi wa kaboni. Baadaye mkondo geu, ambao hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde na ambao volti yake huweza kupandishwa au kushushwa kwa transfoma, ulishinda katika ushindani; lakini wakati huo nyumba za Wamarekani zilikuwa zimekwisha kujaa balbu za kiwango kile, hivyo volti ikabaki chini, na mizunguko ikakaa kwenye 60 kwa sekunde iliyopendelewa na kampuni ya Westinghouse. Mjini Berlin mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1899 kampuni ya umeme ya jiji hilo iliamua kuhamia volti 220, kwa sababu nguvu ile ile ikisafirishwa kwa volti maradufu huhitaji nusu tu ya mkondo, na mkondo ukipungua kwa nusu joto linalopotea katika waya hushuka hadi robo. Fedha zilizookolewa kwenye shaba ya waya zilitosha kufidia gharama ya kuwabadilishia wateja vyombo vyao. Mfano huo uliigwa na sehemu kubwa ya Ulaya, pamoja na mizunguko 50 iliyotumiwa na kampuni ya AEG ya Emil Rathenau.

Haifai kudhani kwamba ndani ya kila nchi palikuwa na utaratibu. London ya mwaka 1918 ilikuwa na wasambazaji wa umeme wapatao 70, waliotumia volti za viwango 24 na mizunguko ya aina 10, kiasi kwamba mtu aliyehama mtaa mmoja kwenda mwingine alilazimika kuuza pasi yake na kununua nyingine, na ni baada ya sheria ya mwaka 1926 tu, iliyounda bodi ya kujenga gridi ya taifa, ndipo mchafuko huo ulipoanza kutatuliwa. Japani haikuutatua kabisa. Tokyo ilinunua mashine za AEG mwaka 1895, Osaka ikanunua za General Electric ya Marekani muda mfupi baadaye, na uamuzi wa wanunuzi hao wawili umeigawa nchi hadi leo kati ya mashariki yenye mizunguko 50 na magharibi yenye 60. Tetemeko la Machi 2011 lilipozima vituo vya umeme vya mashariki, magharibi ilikuwa na umeme wa kugawa, lakini mitambo ya kubadili mizunguko mpakani iliweza kupitisha takriban gigawati moja tu.

Afrika Mashariki iliupokea umeme ukiwa umekwisha kugawanyika namna hiyo, na kila eneo likapata mgao wa bwana wake. Unguja ilitangulia, kwani Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ndilo linalohesabiwa kuwa jengo la kwanza visiwani humo kuwa na taa za umeme. Mwaka 1908 ulikuwa na mambo mengi: Wajerumani walianza kutumia umeme Dar es Salaam, katika karakana za reli na mtaa wa maofisa wao, na mwaka huo huo kampuni za kusambaza umeme ziliingia Mombasa na Nairobi, ambazo mwaka 1922 ziliungana kuwa kampuni moja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walichukua Tanganyika pamoja na mitambo yake, na tangu mwaka 1931 kazi ya kusambaza ikawa mikononi mwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO, zilizotaifishwa mwaka 1964 na kuunganishwa miaka minne baadaye. Ng'ambo ya mpaka wa Tanganyika, Wabelgiji walileta Kongo na Burundi soketi za pini za duara za kwao. Ndiyo sababu mfanyabiashara anayetoka Kigoma kwenda Bujumbura hukuta volti karibu zile zile na mizunguko ile ile 50, lakini plagi yake ya pini bapa haiingii ukutani.

Ghuba inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi, na ni jirani ambaye watu wa pwani wamemzoea kuliko Ulaya. Oman, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Uingereza, ina volti 240, mizunguko 50 na soketi ya Kiingereza, hivyo aliyetoka Unguja kwenda Maskati hana haja ya adapta. Saudi Arabia, ambako Wamarekani ndio walioijenga sekta ya mafuta, ilichukua mizunguko 60, na kwa miaka mingi soketi zake za kawaida zilitoa volti 127 huku vyombo vizito vikipewa 220. Ni mwaka 2010 tu serikali ilipoamua kuhamia hatua kwa hatua kwenye 230. Hujaji aliyebeba birika la umeme la wati 2,000 lililotengenezwa kwa volti 240 alibaki, kwenye soketi ya volti 127, na wati zipatazo 560, akisubiri chai kwa muda mrefu, lakini birika lake lilisalimika. Aliyefanya safari ya kinyume hakuwa na bahati hiyo, kwa kuwa chombo cha kupasha joto kikipewa volti maradufu hujaribu kutoa joto mara nne ya kiasi chake.

Umbo la plagi lina historia tofauti na ya volti, ijapokuwa msafiri hukutana nazo zote mbili katika tundu moja. Mwanzoni hapakuwa na soketi: umeme uliuzwa kwa ajili ya taa, na mwenye pasi au feni aliichomeka mahali pa balbu, darini. Harvey Hubbell wa Marekani alipata hataza ya plagi ya kuchomoa mwaka 1904, na mwaka 1926 Albert Büttner wa Bavaria akapata hataza ya soketi yenye vibanzi vya pembeni vya kuunganisha waya wa ardhini, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja kwenye udongo badala ya kuuacha upite mwilini mwa mtu. Soketi hiyo ndiyo inayotumika leo Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, lakini haikupata kurithiwa Tanganyika, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka kabla haijabuniwa.

Kilichorithiwa ni cha Waingereza, na hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, iliundwa kamati ya kupanga jinsi nyumba zitakazojengwa baada ya vita zitakavyotiwa umeme, na mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa Caroline Haslett, mkurugenzi wa chama cha wanawake cha kueneza matumizi ya umeme majumbani, ambaye alisisitiza usalama wa watoto. Shaba ilikuwa adimu. Kamati ikapendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1944 kwamba soketi nyingi zifuatane kwenye waya mmoja unaozunguka nyumba na kurudi ulikoanzia, ukilindwa na fyuzi moja ya ampea 30. Fyuzi ni kiungo dhaifu cha makusudi, kipande cha waya kinachoyeyuka mkondo unapozidi. Lakini fyuzi ya ampea 30 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, ambao ungeshika moto kabla fyuzi hiyo haijayeyuka, na kwa hiyo fyuzi ndogo ya pili iliwekwa ndani ya plagi yenyewe. Kiwango kilichotangazwa mwaka 1947 kilitoa plagi ya pini tatu bapa, ambayo pini yake ya juu, ya waya wa ardhini, ni ndefu kuliko nyingine kwa sababu kazi yake ni kutangulia kuingia na kuvifungua vifuniko vya ndani vinavyoyaziba matundu mawili ya chini, ili mtoto asiweze kuingiza msumari.

Katika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ubunifu huo una jibu lake la mtaani. Chaja yenye pini mbili za duara, iliyokuja na mzigo wa Dubai au Guangzhou, haiingii katika soketi iliyozibwa. Basi mtu huchukua kalamu ya wino au kijiti, hukisukuma katika tundu refu la juu hadi vifuniko vifunguke kwa mlio mdogo, kisha huzishindilia pini mbili chini na kuichomoa kalamu. Simu huanza kuchaji. Kwa ustadi kitendo hicho hakina la kulaumiwa, na anayekifanya ameuelewa utaratibu wa vifuniko vizuri kuliko watu wengi wanaoishi nao. Lakini pini za duara ndani ya tundu bapa hulegea, mahali palipolegea hutoa cheche na joto, na fyuzi ndogo iliyowekwa ndani ya plagi kwa sababu ya uadimu wa shaba imerukwa kabisa, ikabaki ile kubwa ya nyumba ambayo kamati ya 1942 ilijua kuwa haitoshi.

Juhudi za kuleta plagi moja kwa dunia nzima hazikukosekana. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoanzishwa London mwaka 1906 na kuwa na Lord Kelvin kama rais wake wa kwanza, ililishughulikia suala hilo kwa miongo kadhaa, vita vikalikatiza, na ilipotoa kiwango chake mwaka 1986 mamilioni ya kuta yalikuwa yamekwisha kutobolewa. Brazili na Afrika Kusini ndizo nchi kubwa zilizokichukua, Brazili ikiwa na marekebisho yake. Upatanisho wa volti barani Ulaya ulikuwa wa kwenye karatasi zaidi. Bara lilikuwa na 220 na Uingereza 240, wakakubaliana kuita zote 230 na kuruhusu mapana ya kupanda na kushuka yaliyotosha kuzimeza zote mbili, kwa hiyo mwaka 1995 Uingereza ikawa rasmi nchi ya volti 230 karibu bila kugusa jenereta wala transfoma yoyote.

Kuta zilipokataa kubadilika, chombo ndicho kilichobadilika. Katikati ya karne ya ishirini msafiri aliyejali vyombo vyake alibeba transfoma ya chuma na shaba, nzito kiasi cha kuumiza bega, na hata hiyo ilirekebisha volti tu: saa ya umeme ya Kimarekani, ambayo mota yake huhesabu mizunguko ya mkondo, ikiwekwa kwenye mizunguko 50 ilichelewa dakika 10 kwa kila saa. Hoteli nazo ziliweka bafuni soketi ndogo ya mashine ya kunyolea, yenye transfoma yake ndani na uchaguzi wa volti mbili. Watengenezaji wa redio, na baadaye wa kompyuta, waliweka nyuma ya chombo kitufe cha kuchagua kati ya 115 na 230, na kitufe hicho, ambacho mara nyingi kilikuwa chekundu na kidogo kiasi cha kugeuzwa kwa bisibisi tu, kiliua kompyuta nyingi zilizotumwa kutoka Marekani kama zawadi au msaada. Sababu ni kwamba, kikiwa kwenye 115, mtambo wa ndani huizidisha volti inayoingia mara mbili ili kufikia kiwango unachokihitaji, na ukipewa 230 huizidisha hiyo pia, mpaka kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi chaji, zinapasuka kwa mlipuko.

Suluhisho lilitoka kwenye ugavi wa umeme wa kukatakata, yaani mtambo unaoukata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde na kuupima upya kwa transfoma ndogo sana. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977, ambayo ugavi wake ulisanifiwa na Rod Holt, ni kati ya vyombo vya kwanza vya nyumbani kuutegemea mtindo huo, na katika miaka iliyofuata mitambo hiyo ilifundishwa kupokea chochote kuanzia volti 100 hadi 240, kwa mizunguko 50 au 60, bila kitufe. Maandishi madogo yanayoonekana leo mgongoni mwa chaja ya simu au ya laptopu yanahusu uwezo huo, na kwa vyombo vya namna hiyo hatari ya kwanza imekwisha. Adapta ya plastiki isiyo na chochote ndani ila vipande vya shaba inatosha. Pasi, birika na mashine ya kukaushia nywele havikuguswa na mabadiliko hayo, kwa kuwa ni waya tu wa kutoa joto, na kwavyo adapta ile ile ya plastiki ni njia rahisi ya kuchoma kitu.

Hatari ya pili ilijulikana kabla ya taa za umeme kuwepo. Waya za telegrafu zilizotandazwa juu ya nguzo zilileta radi hadi mezani kwa mpokeaji, na mafundi waliweka kati ya waya na ardhi mwanya mwembamba ambao volti ya kawaida haiwezi kuuruka, lakini ya radi huuruka na kuzama ardhini. Afrika ya Kati na Mashariki ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili: vipimo vya setilaiti vimeiweka Kabare, karibu na Ziwa Kivu, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kinga iliyoingia majumbani ilitoka kwa kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo watafiti wake waligundua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba chembe za oksidi ya zinki zilizochomwa kama kauri huuzuia umeme wa volti ya kawaida na kuupitisha kwa wingi volti inapovuka mpaka fulani, zikifanya kazi ya njia ya kupunguzia maji ya bwawa lililojaa. Kipande hicho, kinachoitwa varista, ndicho kilichomo ndani ya ekstensheni inayouzwa kwa jina la kuzuia umeme mkubwa. Huchoka: kila pigo hukila kidogo, na taa ya ekstensheni huendelea kuwaka hata baada ya kinga kwisha.

Umeme mkubwa wa mitaa ya Afrika Mashariki, hata hivyo, mara nyingi si wa radi, na varista haiwezi kuuhimili. Nguzo ya mtaa hubeba waya tatu za moto, ambazo kati ya moja na nyingine mna volti 400, pamoja na waya wa nyutro unaozirudisha nyumba zote kwenye 230. Nyutro ikikatika, nyumba zilizo kwenye waya tofauti za moto hujikuta zimefungamanishwa, na yenye vyombo vichache hupokea sehemu kubwa ya zile 400 kwa dakika nyingi mfululizo. Dhidi ya hali hiyo kinachofaa ni kifaa ambacho watu hukiita gadi, kinachopima volti, kukata umeme inapozidi au kupungua, kisha kusubiri dakika kadhaa baada ya hali kutulia kabla ya kuurudisha, kwa kuwa kompresa ya friji ikiwashwa kabla shinikizo la gesi halijasawazika hukwama na kuungua. Unguja ilijifunza thamani ya kifaa hicho kwa shida. Kebo ya chini ya bahari inayotoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba ndiyo iliyokuwa tegemeo la kisiwa, na umeme ulipozimika kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, maduka na nyumba za wageni ziliwasha jenereta ndogo za petroli, ambazo volti yake hupanda kila mzigo mkubwa unapozimwa ghafla.

Msafiri aliyekusudia kujikinga na hatari hii ya pili anaweza kujiingiza katika ile ya kwanza. Ekstensheni ya kinga iliyonunuliwa Marekani ina varista iliyopimwa kwa volti 120, na ikichomekwa kwa adapta kwenye 230 huiona volti ya kila siku ya nchi ngeni kuwa ni umeme mkubwa usiokoma: varista hupitisha mkondo mfululizo, hupata joto na huweza kuwaka moto, ingawa laptopu iliyounganishwa nayo ingeipokea volti hiyo bila taabu. Baharini kuna kasoro nyingine. Ndani ya meli nyingi waya zote mbili za soketi zina umeme ukilinganisha na chuma cha meli, ilhali ekstensheni ya nyumbani imeundwa kwa kudhani kwamba waya mmoja hauna, hivyo swichi yake hukata mmoja na kuuacha wa pili ukiwa hai huku varista zikiupeleka umeme kwenye chuma cha meli. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya moto unaoweza kuzuka kwa njia hiyo. Tangu hapo kampuni nyingi za meli za abiria huzitafuta ekstensheni za kinga katika mizigo bandarini, huzichukua, na kumrudishia mwenyewe siku ya kushuka.